Konokono wa Winam na bahari inayochachuka

Ukiinamia ukingo wa mafunjo pale Dunga, Kisumu, na kung'oa shina moja pamoja na mizizi yake, hutakosa konokono. Wapo wadogo walio bapa, wa rangi ya kahawia. Ukimwinua mmoja wao kuelekea jua, mwanga unapenya gamba na unauona mwili ukijikunja ndani. Wapo pia wanene wenye ncha, ambao wanasayansi huwaita Bellamya, wanaokwama kwenye nyavu na kutupwa mchangani. Mtazame huyo mnene pale kwenye ncha, sehemu aliyoijenga akiwa mchanga kabisa. Mara nyingi ngozi ya juu imebanduka, na chini yake pana doa jeupe lenye vishimo. Hakuna aliyemkwaruza. Maji anayoishi ndani yake yanalila gamba lake polepole, naye anaendelea kutambaa, kula na kuzaa.

Nayaandika haya kwa sababu habari za bahari kuchachuka zimekuwa nyingi, na kwa kawaida huja na picha moja: gamba linawekwa kwenye maji yenye asidi, linayeyuka, hadithi imekwisha. Sisi wa Kisumu tuko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, na tumezoea kudhani jambo hilo ni la watu wa pwani. Lakini swali lenyewe, yaani kiumbe mwenye gamba anafanyaje maji yanapomnyima chokaa, lina majibu ya zamani sana hapa kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Majibu hayo hayafanani na ile picha.

Tuanze na bahari. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, bahari imekuwa ikimeza takriban robo ya gesi ya kaboni tunayoitoa. Gesi hiyo ikichanganyika na maji huwa asidi hafifu. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo za sukari: hatua moja nzima ni mara kumi, na kushuka kwa sehemu ya kumi tu kunaongeza chembe za hidrojeni kwa zaidi ya robo. Hata hivyo, maji ya bahari hayajawa asidi. Bado yako upande wa magadi. Hasara ya chaza na kome iko kwingine. Chembe zile za hidrojeni zinapoongezeka hunyakua kaboneti iliyomo majini, na kaboneti pamoja na kalsiamu ndivyo vinavyotengeneza gamba. Ni kama fundi wa nyumba anayepokonywa matofali kabla hayajafika kwenye ukuta. Nyumba haijabomolewa, ila kila kozi inamgharimu zaidi.

Sasa rudi ziwani. Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 400 hivi za kalsiamu. Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria kwenye kina kikuu ina miligramu chache tu, chini ya kumi. Sababu yake ni mvua. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hili huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, bila kupita kwenye mwamba wowote. Mito ina sehemu ndogo iliyobaki. Kwa hiyo hili ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba 68,800, lakini kwa madini linakaribiana na maji ya mvua yaliyotuama. Ghuba ya Winam ina nafuu kidogo kwa kuwa ni ya kina kifupi na inapokea mito kama Nyando na Sondu-Miriu inayoshuka na udongo wake. Hata hivyo, ukipiga hesabu ya kemia, maji haya kwa sehemu kubwa ya mwaka hayana chokaa ya kutosha kulihifadhi gamba lililoachwa bila mwenyewe. Konokono akifa, gamba lake linaanza kuisha.

Na kinachoshangaza ni kwamba nchi kavu inayoizunguka ghuba hii imejaa chokaa. Pale Koru, ukielekea Fort Ternan, chokaa imechimbwa na kuchomwa kwa miongo mingi. Mlima Homa, upande wa pili wa maji, ni mabaki ya volkeno ya aina adimu iliyotema miamba ya chokaa. Hapo karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, lile la hadithi ya bibi mgeni aliyefukuzwa kijijini na kijiji kikazama, ambalo maji yake ni ya magadi na kipimo chake cha pH hupanda juu ya 10. Heroe wanalipenda. Yaani katika mwendo wa saa chache kwa matatu unaweza kutoka kwenye maji ya mvua hadi kwenye maji yanayokaribia sabuni.

Konokono wa Dunga anaishije basi? Kwanza hulivika gamba lake koti. Juu ya chokaa kuna ngozi nyembamba ya protini, ile kahawia unayoiona, na kazi yake ni kuyazuia maji yasiiguse chokaa. Ngozi hiyo ikichubuka, hasa kwenye ncha ambayo ni kongwe kuliko sehemu nyingine zote, maji hupata mlango. Ndipo lile doa jeupe linapoanza. Konokono hawezi kurudi nje kupaka koti upya, ila anaweza kuongeza tabaka la chokaa kutoka ndani, na hufanya hivyo. Pili, huvuta kalsiamu kutoka majini kwa kutumia nguvu za mwili, hata ikiwa haba, na nyingine huipata kwenye chakula. Kazi ya kujenga hufanyika katika umajimaji uliofungiwa kati ya mwili na gamba, ambako kiumbe mwenyewe hurekebisha kemia mpaka chokaa ikubali kuganda. Tatu, hujinyima. Wale walio bapa wana magamba membamba kwa sababu unene ni gharama. Konokono wa jamii hiyo wanapofugwa maabara katika maji yenye kalsiamu haba, hukua taratibu na kutaga mayai machache.

Hapo ndipo ile picha ya gamba kuyeyuka inapopotosha. Gamba tupu haliwezi kujitetea. Gamba lenye mwenyewe hujengwa na kubomoka kwa wakati mmoja, na swali la maana ni kama mwenyewe bado ana chakula cha kulipia tofauti hiyo, na kitu gani kingine ameacha kulipia: mayai, ukubwa, au misuli ya kukimbia adui.

Halafu kuna suala la saa. Mwani wa kijani unaoyafunika maji ya Kisumu nyakati za joto, ule unaofanya ufuo uonekane umemwagiwa rangi, huvuta gesi ya kaboni mchana kutwa kwa ajili ya kujilisha. Gesi ikipungua, kipimo hupanda, na palipo na mwani mzito hupita 9. Usiku mwani na vijidudu vyote vinapumua bila kujilisha, gesi inarudi, na kipimo kinashuka. Badiliko ambalo bahari imelipata kwa zaidi ya miaka 150, konokono wa hapa hulipata kati ya alfajiri na alasiri, tena kwa ukubwa zaidi. Mchana wa mwani kwake ni wakati mzuri wa kujenga. Kwa watu wanaochota maji hayo habari ni nyingine kabisa, kwa maana baadhi ya mwani huo una sumu.

Gugumaji ndilo huleta upande wa pili. Tangu lilipoonekana katika ziwa hili kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, limekuwa likija na kuondoka ghubani kwa upepo, na mwaka linapofunga gati hakuna mashua inayotoka. Chini ya zulia lake hakuna mwanga, majani yanaoza, oksijeni inaisha na gesi ya kaboni inajaa. Hayo ndiyo maji ya Kisumu yanayokaribia zaidi kile kinachohofiwa baharini. Na hapa viumbe wenye gamba wanagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni lile la konokono bapa, Biomphalaria. Huyu ana pafu. Anapanda juu ya maji kuvuta hewa. Ukimpasua kwa bahati mbaya utaona damu nyekundu kama yetu, kwa kuwa ina himoglobini, hivyo anaweza kuokoteza oksijeni mahali ambapo wengine wanazimia. Ana uume na uke katika mwili mmoja, na akikosa mwenzi anaweza kujirutubisha mwenyewe. Mmoja tu aliyesafiri kwenye mzizi wa gugumaji anatosha kuanzisha ukoo kwenye ufuo mpya. Hata umbo lake hukubali mazingira. Kwa muda mrefu vitabu vilitaja spishi mbili hapa, mmoja wa vinamasi mwenye gamba pana na mwingine wa kina kirefu mwenye gamba dogo lenye mizunguko michache. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba huenda ni spishi moja tu iliyojijenga kwa namna mbili kulingana na mahali.

Kundi la pili ni la kome wa ziwani, wenye magamba mawili yanayofumba: Coelatura, Mutela na jamaa zao. Hawa hawana pafu wala njia ya kupanda juu. Maji yakiharibika, kome hufunga milango na kungoja. Ndani ya chumba hicho mwili unaendelea kufanya kazi bila oksijeni na kuzalisha asidi, na kome huituliza asidi hiyo kwa kuyeyusha kidogo gamba lake mwenyewe kutoka ndani. Gamba, ambalo sisi tunalihesabu kama ngao, hapo linakuwa dawa ya tumbo. Mbinu hiyo inafaa kwa siku kadhaa. Zulia likikaa kwa miezi, hesabu inagoma.

Tena kome ana udhaifu ambao hauhusiani na asidi. Mtoto wa Mutela hawezi kukua peke yake. Lazima ajishike kwenye mwili wa samaki na kukaa hapo kwa muda. Mtafiti Geoffrey Fryer alilieleza jambo hili mwaka 1961 kutokana na uchunguzi wake nchini Uganda, na samaki aliyembeba alikuwa fwani, yule yule ambaye wazee wa Nyando na Sondu wanamkumbuka akipanda mito kwa wingi wakati wa mvua. Fwani amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na mito kuchafuka. Ningependa wanaoandika kuhusu gamba na kemia wamweke fwani kwenye hesabu zao, maana kome anaweza kuwa na chokaa yote anayoihitaji na bado akose wa kumbeba mtoto.

Upande wa walaji nao una hadithi yake. Kamongo huvunja konokono kwa meno yake mapana. Okoko naye anawapenda. Lakini fundi hasa ni samaki mdogo wa jamii ya fulu, Astatoreochromis alluaudi. Ndani ya koo ana taya la pili, na juu ya taya hilo meno yamejipanga mapana na mafupi, ya kusaga. Anammeza konokono mzima, anamsukuma kooni, na gamba linapasuka. P. H. Greenwood, aliyewachambua fulu wa ziwa hili kuliko mtu yeyote wa wakati wake, alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyo akikulia mahali pasipo na konokono, akalishwa vyakula laini, taya lake hubaki jembamba na meno yake huwa madogo yaliyochongoka. Samaki huyo alijaribiwa kwenye mabwawa ya magharibi mwa Kenya kama askari wa kupambana na konokono. Alipojaribiwa pia kaskazini mwa Kameruni, watafiti walikuta kwamba vizazi vilivyokulia bwawani kwa chakula laini havikuwa na taya la kufanyia kazi hiyo. Kwa hiyo gamba linamjenga hata adui yake. Gamba likiwa jembamba, adui naye analegea. Mahusiano mengi ya aina hii yalibomoka hapa miaka ya 1980, mbuta alipowamaliza fulu kwa mamia ya spishi, na sidhani kama tumeshamaliza kuihesabu hasara hiyo.

Kuna mahali pengine ambapo magamba ya ziwa hili yamehifadhika vizuri, nako ni nchi kavu. Kandokando ya ghuba, upande wa kusini hasa, zipo chungu za magamba zilizoachwa na watu waliovua, kuwinda na kula konokono na kome kabla ya kilimo kufika huku. Peter Robertshaw na wenzake walizieleza katika jarida la Azania mwaka 1983. Vyungu vya watu hao huitwa Kansyore, na tarehe kongwe za makazi yao zinarudi nyuma hadi kama miaka 8,000. Chungu hizo za magamba zingeachwa majini zingekwisha zamani. Kwenda nyuma zaidi kuna kisiwa cha Rusinga. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata huko fuvu la Proconsul, nyani wa kale, lakini katika tabaka hizo hizo, zenye umri wa karibu miaka milioni 18, kuna konokono wa nchi kavu ambao Bernard Verdcourt aliwaandikia makala ndefu mwaka 1963. Walihifadhika kwa sababu majivu ya volkeno yaliyowafunika yalikuwa na chokaa. Nyani wa kale amepata makumbusho na sifa zote. Konokono waliolala naye ndio waliosaidia kueleza kwamba pale palikuwa na msitu.

Umri huu mrefu ndio unaoitenganisha Winam na bahari. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na viumbe waliolirudia wametoka kwenye koo zilizoyajua maji maskini ya mito na vinamasi kwa muda mrefu mno. Waliokuwa hawawezi kulipa gharama hawako hapa leo kutusimulia. Viumbe wa baharini wamezoea karamu. Kwao kalsiamu si tatizo hata sasa. Kaboneti ndiyo inayopungua, na inapungua kwa kasi ya maisha ya binadamu mmoja.

Nao wanaitikia kwa namna tofauti. Mwaka 2009 Justin Ries na wenzake wa Woods Hole, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaweka viumbe wa spishi 18 katika maji yaliyoongezwa gesi ya kaboni kwa viwango mbalimbali. Kumi walijenga gamba pungufu, na baadhi yao magamba yalianza kuyeyuka. Saba walijenga zaidi katika viwango fulani, wakiwemo kaa, kamba na kambamti. Mmoja, kome, hakuonyesha tofauti. Waliojitahidi vizuri walikuwa na mengi ya kufanana na konokono wetu: ngozi inayofunika chokaa, na uwezo wa kurekebisha umajimaji wa kujengea. Lakini gamba zito si ushahidi wa afya. Wanaojenga zaidi huenda wanakopa kutoka kwingine mwilini.

Balaa kubwa iko utotoni. Kuanzia mwaka 2007 watotoleshaji wa chaza katika jimbo la Oregon, Marekani, waliona viluwiluwi wakifa kwa mabilioni. Chanzo kilikuwa maji baridi ya kina kirefu, yenye gesi nyingi, yaliyoinuka na kuingia kwenye matangi. Kiluwiluwi cha chaza hujenga gamba lake la kwanza kwa muda wa siku mbili hivi, akitegemea akiba ya yai pekee, kwa chokaa ya aina iyeyukayo haraka. Akilipa zaidi kwa kila tofali, akiba inaisha kabla ya mdomo kufunguka. Konokono wengi wa ziwani hawapitii hatari hiyo. Bellamya humzaa mtoto akiwa tayari na gamba lake. Biomphalaria hukulia ndani ya ute wa mayai uliobandikwa kwenye jani, na hutoka akiwa konokono kamili. Hakuna mtoto wao anayerushwa majini uchi.

Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu Mombasa na kituo hapa Kisumu, kwa hiyo maji yote mawili yako chini ya paa moja. Ingefaa vipimo vya gesi ya kaboni na kalsiamu vichukuliwe ghubani kwa uzito ule ule unaopewa miamba ya matumbawe, usiku na mchana, chini ya gugumaji na mbali nalo. Kipimo cha saa nne asubuhi peke yake hakisemi lolote kuhusu saa kumi za usiku.

Kwa mkazi wa Kisumu lakini, jambo la haraka ni nani anayebaki maji yanapoharibika, na jibu si la kufurahisha. Anayebaki ni Biomphalaria, na ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Mdudu wa kichocho akimwingia, konokono huacha kutaga, na chakula ambacho kingeenda kwenye mayai kinawalea watoto wa mdudu. Wanatoka kwa mamia na maelfu kwa siku, zaidi kuelekea adhuhuri, wakati jua limepasha maji na vijana wa kuosha magari wamesimama ndani hadi magotini. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliwafuatilia waosha magari na wachimba mchanga wa Kisumu kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990, wakiwatibu kwa prazikwanteli na kuwapima upya. Wapo waliorudiwa na ugonjwa mara kwa mara. Wapo ambao baada ya matibabu mengi walianza kuupinga. Dawa hiyo inamuua mdudu aliye mwilini. Haimgusi konokono, ambaye muda huo yuko chini ya jani la gugumaji akiongeza tabaka jingine la chokaa kutoka ndani.